Hema Juu ya Uwanja wa Raga

Treni kutoka Toulouse huishia Auch. Nilipofika, basi la Marciac, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa wenye tamasha la jazz, lilikuwa limeshaondoka, nikabaki na begi langu na jua la Agosti. Mzee mmoja aliyekuja kumpokea mjukuu wake akanionea huruma, akanipa lifti. Binti alikuwa na sanduku refu jeusi; nikadhani ni zana za kuvulia samaki. Kumbe tromboni.

Njia nzima ni alizeti, kushoto na kulia, hadi mnara wa kanisa ulipochomoza kabla hata nyumba moja haijaonekana. Marciac ina wakazi kama 1,200 tu. Ilianzishwa mwaka 1298, mitaa imenyooka kama iliyopigwa rula, na uwanja wa katikati umezungukwa na baraza zenye matao. Siku hiyo barazani hapakupitika: harufu ya bata, mvinyo, na bendi inapiga bure mchana kweupe.

Mimi mtoto wa Morogoro. Kwangu jazz ilikuwa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, magitaa na watu wamejaa sakafuni. Hapa watu wanaketi, wanafumba macho, na anayekohoa anageukiwa.

Yote haya yalianza mwaka 1978, mwalimu Jean-Louis Guilhaumon na wenzake walipoandaa onyesho dogo la jazz ya zamani. Walezi wao walikuwa wanamuziki wawili waliokuwa wakiishi huko huko Gers, wilaya ya Marciac: Bill Coleman, Mmarekani mpiga tarumbeta, na Guy Lafitte wa saksafoni. Onyesho likazaa wiki nzima. Sasa tamasha huchukua zaidi ya wiki mbili, na hema la usiku, lenye viti zaidi ya 5,000, husimikwa juu ya uwanja wa raga. Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta maarufu wa Marekani, aliupenda mji huu hadi akautungia muziki. Nao wakamsimamishia sanamu ya shaba angali hai.

Lakini mzee hakutaka kuzungumzia sanamu. Alitaka kuzungumzia shule. Sekondari ya mji ilipungukiwa wanafunzi hadi ikawa hatarini kufungwa. Mwaka 1993 wakaingiza masomo ya jazz, watoto wakaanza kuja kutoka mbali na kulala bweni. Émile Parisien, mpiga saksafoni mwenye jina Ulaya leo, alipita hapo. Mjukuu naye alisoma hapo miaka minne. Na tangu 2011 kuna ukumbi, L'Astrada, kwa hiyo muziki hausubiri tena kiangazi.

Usiku nilikaa safu za nyuma kabisa hemani, nimebana kikohozi. Saa saba nikitoka, nikasikia tromboni barazani. Binti alikuwa na wenzake watatu wa shule ile, wanapiga bila jukwaa wala kipaza sauti. Mzee amekalia sanduku jeusi tupu, mguu unagonga mawe. Watu walikuwa wamesimama. Nikaweka begi chini, nikacheza.