Moshi wa kwetu, nyama ya jirani

Juzi binti yangu kanifuata uani nageuza nyama kwenye lile pipa la kubanikia (mnalijua, lililokuwa la mafuta ya kula, si mlinicheka wenyewe nilipolileta), akasimama upande usio na moshi akaanza kuhesabu, hii ya kwetu, hii ya kina mwalimu, hii ya fundi baiskeli. Halafu akauliza, "Mama, kwani sisi wanatulipa nini?"

Nikamwambia wanatulipa macho mekundu. Akacheka akaenda zake. Mi nikabaki pale, maana swali hilo nililisikia mara ya kwanza 1998, hapahapa Tabora, na sijawahi kusikia mtu akilijibu vizuri.

Idi ya kuchinja mwaka ule iliangukia Aprili. Mwaka wa El Nino, mvua haina adabu, reli huko njiani imeliwa na maji, na Ng'ambo kwetu ni tope mpaka mlangoni. Lakini nyama ilikuwepo jamani. Si mnajua mambo ya mafungu matatu, lako, la ndugu na jirani, la maskini, sasa mtaa ambao karibu kila nyumba ya pili imechinja kila mtu anampelekea mwenzie, sahani zinapishana njiani mpaka mnahisi nyama yenu wenyewe imerudi. Jioni umeme ukakatika. Friji mtaa mzima zilikuwa mbili, zote zikageuka makabati.

Baba ndo alikuwa na pipa. Moto alijifunzia Urambo kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, kazi yake ilikuwa kukesha akilisha kuni, moto ukizidi jani linaungua, ukilegea linaharibika, kwahiyo kubanika nyama kwake ilikuwa kama kupumzika. Anachana mikanda kufuata nyuzi, mafuta anatoa yote maana mafuta hayakauki, yanachacha, analaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi anatundika ipigwe upepo mpaka juu inate kidogo ukiigusa, hapo ndo inaingia. Na inaingia kwenye moshi, sio kwenye moto, hilo alikuwa anatugombeza nalo kila siku.

Basi majirani wakaanza kuja, mmojammoja, wanajikunakuna. "Shikamoo mzee, tuna kanyama hapa, sasa sijui itakuwa shilingi ngapi..." Baba hilo la shilingi lilimuudhi. Mi siuzi moshi, akasema. Mama nyuma yake anamkata jicho maana chumvi alinunua yeye. Mwisho baba akatoa bei: kila mtu alete kuni kavu.

Aprili. El Nino. Kuni kavu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Wakaleta walichonacho. Kuni za mwembe mbichi zinazotoa povu, magunzi, na mmoja akaja na miguu ya kabati bovu, ina vanishi inang'aa, baba akamrudishia kwa heshima zote akamwambia nyama yako itanuka fundi seremala. Jirani yetu wa reli, Mkristo, hakuchinja yeye ila mafungu yalimfikia pengine kutuzidi, alileta nusu gunia la mkaa na bao, akakesha na baba wanacheza. Mi naona yule ndo alilipa kuliko wote na wala hakuombwa.

Mi nilikuwa na miaka 12. Zamu yangu alfajiri, kulinda moto na paka.

Sasa Mama Pacha. Yeye alileta kilo sita, steki tupu, alishaipima kwake kwa sababu alikuwa anauza karanga na alikuwa na mizani, ile yenye uso kama saa na ndoano chini. Keshokutwa yake baada ya alasiri akaja kuchukua nyama na akaja nayo hiyo mizani. Hakusema kitu. Aliitundika kwenye tawi la mwembe wetu, akaning'iniza kikapu, sisi wote tumesimama, hata bao likasimama. Mshale ukatetemeka, ukapita moja, ukapita mbili, ukasita, ukakaa mbili na nusu. Matone ya mvua ya mchana yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye majani, moja likatua kwenye kioo cha mizani, akalifuta na ncha ya kanga, taratibu, kama vile mshale ungesogea akifuta. Haukusogea.

"Mzee, mi sina neno," akasema. "Nilileta sita."

"Maji hayo mwanangu. Nyama mbichi robo tatu yake ni maji. Yamepanda," baba akanyoosha kidole juu.

Mama Pacha akaangalia juu. Kweli kabisa, aliinua uso akatazama kwenye majani ya mwembe, nadhani kwa heshima tu ya yule mzee. Alipoushusha akaniangalia mimi.

Nisiwafiche. Alfajiri nilikula. Mikanda mitatu, na niliichagua ya kwake kwa sababu ndo ilikuwa nzuri. Sasa ukipiga hesabu, mikanda mitatu sio kilo tatu na nusu, baba alikuwa sahihi, nyama iliyokauka vizuri inabaki chini ya nusu na hiyo haina mjadala. Ila naye hakukosea sana kuniangalia. Nyuzi zilikuwa bado zimenikaa kwenye meno ya nyuma, nazigusa na ulimi, nimefunga mdomo kama niliyeapa.

Baba akaingia ndani, akatoka na fungu letu, akawa anaongeza kwenye kikapu mkanda mmojammoja bila haraka mpaka mshale ukagusa tatu. "Hii ya kunisamehe," akasema. Mama Pacha akasema ahsante huku anafungua mizani. Mama hakumsemesha baba mpaka baada ya isha.

Idi iliyofuata baba alitangaza ujira mapema: mkanda mmoja kwa kila kilo, mbichi, unakatwa mbele ya mwenyewe kabla haijagusa chumvi. Mbichi kwa sababu kilo ya nyama kavu sio kilo, ni kilo mbili na nusu zilizokonda, ukidai kavu umeiba kihalali. Hesabu safi, hakuna wa kulalamika, na watu wakalalamika. Eti mzee kaanza uchoyo. Walikuja wachache. Jirani wa reli hakukatwa mkanda, alikuja na bao lake. Mama Pacha hakuja tena, ila pacha wake waliendelea kushinda kwetu na kula kama kawaida.

Kama baba alijua kuhusu ile alfajiri sikuwahi kuuliza. Miaka mingi baadaye tukiwa tunachochea moto alisema tu, zamu ya alfajiri ina njaa. Sijui alikuwa anaongelea bani la Urambo au mimi.

Sasa jana usiku yule dada mpangaji kaja na mguu wa mbuzi, mguu mzima, anauliza dada utanifanyia shingapi. Nikafungua mdomo nimwambie habari ya mkanda mbichi, nikauona ule mguu jinsi alivyoukumbatia, mshahara wa mtu ule, ikanitoka: leta kuni. Akaniangalia. "Kuni nitoe wapi dada, mi napikia gesi."

Tukacheka wote wawili, akaniachia mguu akaenda kulala. Nimeshautoa mfupa, nimeuchana, ndoo iko tayari, bei bado hatujaongea na naona aibu kumfuata kwa ajili hiyo. Sasa hivi nimetumbukiza yai kwenye maji kupima chumvi, ikitosha linaelea, limezama moja kwa moja. Ngoja nikaongeze chumvi. Ya kwangu hiyo.