Upepo Haurushiwi Dadu

Leo nimezitoa dadu kwenye mchezo wa ubao ninaoutunga. Nimezitupa ndani ya mtoto wa meza, na sidhani zitarudi.

Kwa ambaye sijamchosha bado kwa kumsimulia (wamebaki wachache, mke wangu ni shahidi), mchezo wenyewe ni hivi: kila mchezaji ana majahazi mawili na fedha za kuanzia, yuko Mombasa, na anafanya biashara na Lamu, Mogadishu, Maskati na Calicut ya Bara Hindi. Boriti za mikoko zaenda Arabuni, tende zaja huku. Pembe zatoka, nguo za Bara Hindi zaingia. Mwenye mali nyingi misimu ikiisha ndiye mshindi. Ubao ni plaiwudi niliyokatiwa na fundi seremala wa Majengo, mizigo ni komwe zilizopakwa rangi.

Rafiki yangu alitaka mizinga. Anasema Fort Jesus ilijengwa 1593 na kuzingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, kwa nini nijisumbue na tende? Nimekataa. Ukishatia mzinga mmoja kwenye ubao, hakuna atakayeuza boriti tena.

Kilichonikosesha usingizi ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hivi hadi Machi, na ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi huku kwetu. Kuanzia Aprili hugeuka kusi, yakarudi nao. Juni na Julai kusi hukaza, bahari ikachafuka hata nahodha mzoefu akavuta jahazi pwani. Sasa haya yote utayatiaje kwenye mchezo?

Nilianza na dadu mbili, kwa sababu hesabu yake ni nzuri. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Saba hupatikana kwa namna sita, mbili kwa namna moja tu. Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka 1995, umesimama juu ya hesabu hiyohiyo. Kwangu saba ikawa upepo mwema, mbili ikawa dhoruba, na zilizo katikati nikazipanga kwa jedwali nililoliona zuri sana.

Nikaupeleka kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, wanakocheza bao jioni kwa kahawa chungu. Mzee mmoja aliyekula chumvi ya bahari ujanani alirusha dadu, akapata mbili, akanitazama.

"Mwanangu, hawa manahodha wako hawana akili? Kaskazi yajulikana. Mtu hangoji bahati, angoja mwezi."

"Lakini ami, pasipo bahati kila mtu atapiga hesabu mpaka mwisho."

Hakunijibu. Alinionyesha kwa kidevu bao lililokuwa likichezwa kando yetu.

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, hakuna kilichofichwa, na bado sijamwona fundi anayejigamba kuuona mwisho wa mchezo tangu mwanzo. Kinachonivutia zaidi ni nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Inaanza na kete sita, hunona kadiri mchezo unavyokwenda, na inafika wakati mwenyewe aamue: aiache ilale au aivunje na kuzisafirisha kete zake. Akishaivunja, ndiyo basi. Pale hakuna dadu, ila mkono wa mchezaji huganda hewani kwa sababu hakuna kurudi nyuma.

Kwa hiyo upepo wangu sasa ni kadi. Kila msimu una rundo lake, na upepo unajulikana wazi: kaskazi ni kaskazi, hakuna wa kubahatisha. Ila kwenye kadi tano za mwisho imechanganywa moja iliyoandikwa GEUKA. Wote wanajua upepo utageuka na wote wanajua ni karibuni, lakini kadi ipi, hapo kila mtu na roho yake. Tulipoujaribu, kijana mmoja alikuwa Calicut na pembe mbili zilizobaki. Kaskazi ilikuwa bado inavuma, angeweza kurudi. Akasema, "Nauza hizi kisha naondoka." Kadi iliyofuata ikawa GEUKA. Alibaki Calicut msimu mzima, na hakupata wa kumlaumu. Wenzake walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye ubao wangu.

Hapo pakazaliwa shida nyingine: aliyekwama anakaa tu akitazama wenzake wakicheza. Mabaharia wa kweli hawakukaa hivyo. Miezi ya kungoja upepo walikopesha na kukopa, walitia majahazi kalafati, wengine walioa na kuwa watu wa mji. Basi nimetunga kanuni ya ukaazi: anayengoja bandarini hupata wenyeji, na wenyeji humpa bei nafuu siku zijazo. Nikiwafanya wenyeji kuwa na faida kubwa, hakuna atakayesafiri. Nikiipunguza sana, Calicut inarudi kuwa jela. Kwa sasa ni mwenyeji mmoja kwa kila kadi tatu, nami siiamini hesabu hiyo.

Jumamosi nawapa ubao vijana wa mtaani ambao hawajawahi kuuona, pamoja na kanuni kwenye karatasi. Mimi nitakaa kando nimefunga mdomo, jambo ambalo mke wangu anasema anakuja kulitazama mwenyewe.