Naam, nalipa dola 74 kwa simu ya waya

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alikuja kula pilau, akaiona bili niliyoibandika kwenye friji: dola 74 na senti 18. Akaisoma kwa sauti mbele ya wageni wote. "Shemeji, mpaka leo kuna mtu analipia simu ya mezani? Hela hii si ungetuma nyumbani ikafanya la maana?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mgeni wangu na sinia lilikuwa katikati yetu. Lakini neno lile limenikaa kooni wiki nzima, na leo nalitoa.

Najua dola 74 ni kiasi gani. Wewe uliye Mbagala au Chumbageni usinipigie hesabu, nimeshapiga mwenyewe: ni kodi ya chumba miezi miwili na chenji inabaki. Na simu ya intaneti niliyokuwa nayo kabla ya hii nilikuwa nailipia dola 21 tu. Kwa hiyo si kwamba sikuona tofauti. Nimeiona, nikaamua.

Mimi naishi Houston, upande wa Alief, na mama yangu mzazi yuko nami tangu Baba alipofariki. Mama ana kisukari. Kiingereza chake ni cha salamu na namba. Tarehe 8 Julai 2024, siku ya Jumatatu, kimbunga Beryl kiliingia nchi kavu alfajiri, upande wa Matagorda, kikaja moja kwa moja juu yetu. Zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme, wengine siku mbili, wengine wiki na zaidi, na joto la Houston mwezi wa Julai halina tofauti na kukaa ndani ya chungu. Mimi nilikuwa hospitali. Kimbunga kikitangazwa, sisi wauguzi tulio kwenye orodha ya dharura tunaingia kazini na godoro na mswaki, hatutoki mpaka kipite. Mume wangu ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa Arizona. Nyumbani alibaki Mama na mwanangu wa miaka tisa.

Nilipiga simu ya nyumbani tangu saa mbili asubuhi. Haiiti. Simu ya intaneti inategemea modemu, modemu inategemea umeme, na ile betri ndogo ndani ya kisanduku ilikuwa imekufa miaka mingi nyuma bila mtu kutuambia. Simu ya mkononi ya Mama nayo ilishinda inatafuta mnara mpaka chaji ikaisha. Nilikuwa nabadilisha dripu za watu huku mikono inatetemeka.

Saa kumi jioni ikaingia namba nisiyoijua. Nikapokea.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo Mama! Uko wapi?"

"Marahaba. Niko hapa kwa jirani. Simu yetu imekufa, lakini ya huyu bwana inaongea."

Sukari ilikuwa imemshuka mchana. Mjukuu akampa juisi, ikapanda, akajikongoja hadi nyumba ya pili kwa mzee mmoja Mvietnamu ambaye kwa miaka sita tulikuwa tunapungiana mikono tu. Yule mzee akamweka kwenye kiti, akamfungulia chupa ya maji, akamsogezea simu nyeusi ya kizamani yenye waya uliojiviringa. Namba yangu Mama ameiandika kwa kalamu ndani ya jalada la kitabu chake cha dua, na kitabu hicho hakai nacho mbali. Ndivyo nilivyojua mama yangu yu hai. Yule jirani hakutaka hata asante. Nilimpelekea sambusa baadaye, akarudisha sahani ikiwa na maembe.

Wengi hawajui kwa nini ile simu iliongea na yetu ikanyamaza. Simu ya waya wa shaba haihitaji umeme wa nyumbani kwako. Umeme wake, volti 48, unakuja humo humo kwenye nyaya mbili nyembamba kutoka kituo cha mitambo ya simu, na kituoni kuna betri kubwa na jenereta nyuma yake. Mtaa mzima unaweza kuwa gizani, ukiinua mkonga unasikia mlio. Sisemi haifi. Nguzo ikianguka au sanduku la mtaani likijaa maji, inakufa kama nyingine. Lakini haifi kwa sababu umeme wa ndani umekatika.

Haya Mama alikuwa anayajua kabla yangu. Marehemu Baba alikuwa fundi simu. Alianza enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na shirika la Tanzania, akapanda nguzo za njia ya Muheza na Korogwe mpaka magoti yakakataa. Mwaka 2009 tulipohamia simu ya intaneti, nilimpigia Baba kumweleza jinsi ilivyo rahisi. Aliuliza swali moja tu: "Umeme ukikatika?" Nikamjibu, Baba, huku Marekani umeme haukatiki. Nalikumbuka jibu hilo kila nikiona bili hii.

Basi nikaamua kurudi kwenye waya, na kurudi na namba yangu. Namba yenyewe inaanza na 713, tuliipata mwaka 2003 pamoja na laini yetu ya kwanza ya shaba. Iko kwenye kadi ya kliniki ya Mama, iko duka la dawa, iko shuleni, iko kwenye daftari la Shangazi aliye Muscat, na kule Tanga Baba aliiandika kwa rangi nyuma ya mlango wa chumba chake. Mlango upo hadi leo. Sikuwa tayari kuiacha.

Nilidhani ni jambo la wiki. Lilichukua zaidi ya wiki tano.

Kwanza, kuipata tu laini ya shaba. Ukipiga kuomba "simu ya nyumbani" wanakuuzia intaneti ile ile kwa jina jingine. Kisanduku kinakuja, kinachomekwa kwenye modemu, wanakwambia hii ni simu ya nyumbani. Niliwauliza wahudumu wanne swali moja: umeme ukikatika, bila betri yoyote ndani, itaita? Watatu wakazungukazunguka. Wa nne, mama mmoja mtu mzima kwa sauti yake, akasema, "Unataka shaba. Ngoja nitazame kama mtaani kwako bado inauzwa." Ilikuwa bado inauzwa. Mitaa mingine hapa hapa mjini hawaungi tena mteja mpya. Na walio Uingereza nawaonea huruma: wifi yangu wa Reading ameniambia kule laini hizo zilisimamishwa kuuzwa tangu Septemba 2023, na mfumo wote umepangwa kuzimwa Januari 2027.

Pili, kampuni ya zamani. Mtu wa huduma kwa wateja aliniambia namba ni mali yao. Si kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ndiyo iliyoleta haki ya kuhama na namba, na tangu 2007 kampuni za simu za intaneti nazo zimefungwa na wajibu huo. Hata ukidaiwa, deni watakudai, lakini namba hawawezi kuizuia. Kwa ombi la kawaida, kuhamisha namba ni siku moja ya kazi. Nyumbani Tanzania, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ilipoleta kuhama mtandao bila kubadili namba, Machi 2017, watu walilalamika kuwa ni usumbufu. Wangeona wenzao huku!

Ombi la kwanza likakataliwa: jina halilingani. La pili: namba ya akaunti si sahihi, kwa sababu niliandika namba ya simu kumbe akaunti ina namba yake nyingine. La tatu: namba ya siri ya kuhamia haikuwepo, na hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa ipo. Kila kukataliwa ni siku kadhaa, na hawakwambii makosa yote kwa mkupuo. Wanakwambia moja, unarekebisha, wanakuletea la pili.

Hilo la jina lilinikera kuliko yote, na wewe unayejiandaa kuja huku nisikilize. Sisi majina yetu ni matatu: lako, la baba, la babu. Wao wanataka la kwanza na la mwisho. Pasipoti yangu ina matatu, leseni ya udereva ina mawili, akaunti ya simu aliifungua mume wangu akaandika jina la baba yangu kama jina la mwisho. Mtu mmoja, watu watatu kwenye kompyuta. Tangu siku ya kwanza unayojaza fomu, amua jina lako litaandikwaje, kisha usibadilishe hata herufi: benki, umeme, simu, kodi, kliniki. Utakuja kunishukuru.

Na hili lingine liwekee alama. Katikati ya hangaiko lile, mhudumu mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Futa tu huduma yako kwetu, kisha huko unakokwenda watakupa namba yako." Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mume wangu akanishika mkono. Ukifuta huduma kabla namba haijahama, namba inakufa mikononi mwako, inarudi kwenye akiba, kesho anapewa mtu mwingine. Usifute kitu. Kampuni mpya ndiyo inayoivuta namba, na ikishavutwa ndipo unaaga kule ulikotoka.

Wiki ya tano nikaandika malalamiko kwa FCC, ambayo ndiyo TCRA ya huku. Ni bure, unajaza mtandaoni, haina wakili wala haina kujuana na mtu, na kampuni inapewa siku 30 kujibu. Haikufika hata wiki. Nilipigiwa na mtu mwenye sauti tofauti kabisa na wale wa mwanzo, ananiita mama kwa heshima zote, na siku ya pili yake namba ikawa imehama. Hapo ndipo ninapoisifu nchi hii bila kinyongo. Kuna mlango wa kugonga, ukigonga mtu anafungua. Tabu ni kwamba hakuna anayekuonyesha mlango ulipo.

Fundi alikuja siku ya kuunganisha, mzee mweusi wa Louisiana, mkanda wa vifaa umeshuka chini ya tumbo. Kwanza aliingia ndani akachomoa kile kisanduku cha intaneti kwenye tundu la ukutani. Akanieleza nyumba haiwezi kulishwa na laini mbili kwa mpigo, ya shaba ikiingia wakati kisanduku kimechomekwa, kimojawapo kitaungua. Kisha akazunguka nyuma, akafungua sanduku la kijivu ukutani. Siafu walikuwa wamejenga humo, na ncha za waya zimeota kutu ya kijani. Akazikata, akazimenya upya mpaka shaba ikang'aa, akatoa simu yake ya majaribio, ya rangi ya chungwa, yenye vibanio viwili.

Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti muda wote, mtandio kichwani. Alipoiona ile simu akashuka ngazi. "Baba yako alikuwa nayo kama hii," akaniambia. "Ilikuwa inalala kwenye kiti cha baiskeli." Nikamtafsiria fundi. Yule mzee akafuta ile simu kwa kitambaa, akabana vibanio kwenye waya, akampa Mama mkononi. Mama akaiweka sikioni. Akafumba macho. Mlio ule mrefu hata mimi niliusikia kutoka pembeni, na Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Hii sasa ni simu."

Fundi hakuharakisha. Alimwacha mpaka alipoirudisha mwenyewe.

Simu tuliyochomeka niliinunua dukani kwa mitumba, dola 6, ya waya. Msinunue zile zisizo na waya mkadhani mmemaliza kazi, kitako chake kinataka umeme, mtarudi kule kule. Na laini hii haipokei meseji, kwa hiyo namba za siri za benki ziendelee kuja kwenye simu ya mkononi. Kampuni ya zamani ilinitoza mwezi mmoja zaidi baada ya kuhama, nikawapelekea tarehe ya kuhama kwa maandishi, wakarudisha.

Kwa hiyo, shemeji, hela ya nyumbani inatumwa kila mwezi na hilo unalijua. Hii 74 ni ya Mama. Mimi natoka saa kumi na mbili jioni kwenda kuangalia wazazi wa watu wengine usiku kucha, na wa kwangu namwacha na mtoto. Ungekuwa wewe uliyepiga simu tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, usingeisoma bili ile kwa sauti.

Juzi usiku umeme ulikatika, kama dakika arobaini hivi. Nilikuwa nyumbani, nimelala. Nikasikia kandambili za Mama zinapita ukumbini gizani, zikasimama penye meza ya simu. Akainua mkonga, akasikiliza, akauweka. Kisha zikarudi chumbani kwake taratibu, na tasbihi ikaendelea.