Jinsi nilivyoiokoa picha ya bibi kwa simu

Picha yenyewe aliipiga binamu yangu. Bibi ameketi kwenye kiti chake, dirisha liko nyuma yake na jua la saa nne asubuhi linaingia lote. Ukiitazama unaona dirisha zuri sana, na mbele yake kivuli cha mtu. Lakini ndiyo picha pekee tuliyonayo bibi akicheka, maana simu ikiinuliwa tu huwa anakaza uso kama yuko mahakamani. Ikaamuliwa ichapishwe na kuwekwa kwenye fremu, na kazi nikapewa mimi kwa sababu tu picha zangu huwa nazitia filta.

Nikajiamini. Nikaichukua programu moja ya kurembesha nyuso na kuiachia ifanye yenyewe. Mikunjo ikafutika, ngozi ikatakata, meno yakawa meupe kuliko yangu. Mama akaiangalia kidogo, akauliza, "Huyu naye ni nani?" Bibi ana miaka 80 na ushee, mle ndani alikuwa amebaki na 40, tena ya plastiki.

Nikahamia Snapseed, ile ya Google, ambayo ni ya bure na haikukatizi na matangazo. Kosa langu la kwanza humo lilikuwa pupa. Niliona sehemu ya kupandisha vivuli, yaani kuangaza palipo na giza, nikavipandisha mpaka mwisho. Uso ukatokea kweli, ila ulikuwa umepauka kama uliopakwa majivu, na umejaa chembechembe. Ngozi nyeusi ikivutwa kupita kiasi hupoteza weusi wake kabla haijapata nuru. Dirisha nalo nikalishusha mwanga nikitegemea nitauona mti ulioko nje. Nikapata ukuta wa kijivu.

Hapo ndipo nilipotulia kusoma jinsi picha inavyohifadhiwa. Kwenye faili la kawaida la JPEG, kila moja ya rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, ina ngazi 256 za mwanga, kuanzia 0, giza tupu, hadi 255, mwanga wa mwisho. Dirisha letu lilikuwa limegonga 255 karibu kote. Limeungua, kama wasemavyo wapiga picha, na kilichoungua hivyo hakina tawi wala jani la kurudisha. Giza lina unafuu: usoni mwa bibi namba zilikuwa ndogo, lakini zilitofautiana, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kuvuta. Nikaachana na dirisha kabisa. Nikaikata picha, likabaki pembeni kama ukanda mwembamba, na bibi akasogea katikati.

Zile chembechembe nazo zilikuwa na sababu yake. Nilikuwa nahangaika na nakala iliyopitia kwenye programu ya ujumbe, imeshabanwa. Nikampigia binamu anitumie faili halisi, asilitume kama picha bali kama hati. Lilipofika lilikuwa na uzito mara kadhaa wa lile la kwanza, na nilipolikuza niliona hadi nyuzi za kitambaa chake cha kichwani. Siku mbili nilikuwa nimezitupa bure.

Kilichomaliza kazi ni kile kifaa cha kurekebisha sehemu moja moja. Unagusa mahali, kinatokea kidoti. Ukibana au kupanua kwa vidole viwili, duara la kidoti hicho linapungua au kuongezeka, na eneo litakaloguswa linaonekana kwa wekundu. Utamu wake ni kwamba hakivamii kila kilichomo kwenye duara, bali kinafuata zaidi rangi zinazofanana na pale ulipogusa. Nikaweka kidoti kimoja shavuni, nikaburuta kidole kulia taratibu mpaka mwanga ukafika 30. Kingine kwenye paji la uso, hicho kilitaka 18 tu. Cha tatu kwenye mkono ulioshika ukingo wa kiti, maana uso uking'aa mkono ukabaki gizani, mtu huonekana ameunganishwa vipande. Mwisho nikashusha vivuli vya picha nzima kidogo, weusi ukarudi mahali pake. Mikunjo ya macho, ile inayotokea akicheka, sikuigusa.

Rangi nilizirekebisha usiku, kitandani. Picha ilionekana ya manjano, nikasogeza joto la rangi upande wa ubaridi mpaka nikaridhika, nikalala. Asubuhi bibi alikuwa wa bluu, kama ametolewa mtoni. Nilihisi simu imenirogea picha. Kumbe ni ule mpangilio wa kupumzisha macho, unaowaka wenyewe jioni na kukipaka kioo rangi ya machungwa. Manjano ilikuwa ya kioo, haikuwa ya picha. Siku hizi kabla sijagusa rangi nauzima kwanza, na mwangaza wa kioo nauweka katikati, usijipandishe na kujishusha wenyewe.

Sikulazimika kuanza upya. Snapseed huweka orodha ya hatua ulizopitia; unaifungua, unaigusa ile iliyokukosesha na kuibadilisha au kuifuta, na zilizobaki zinakaa. Nikafuta hatua ya rangi peke yake. Kwa kujisikia fundi, nikaongeza ya kusafisha ukuta: juu ya bega la bibi palikuwa na msumari mtupu, nikaupitishia kidole, ukapotea.

Kabla ya kuhifadhi nikampelekea mwenyewe aione. Alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali halafu karibu.

"Nimetoka vizuri," akasema. Kisha akagonga kioo kwa ukucha, juu ya bega. "Na msumari wangu umeupeleka wapi, mjukuu wangu?"

"Nimeufuta, bibi. Niliona unachafua ukuta."

"Ule aliugongelea babu yako. Urudishe."

Nikafungua orodha ya hatua mbele yake, nikaigusa ya mwisho, nikaifuta. Msumari ukarudi.