Pipa la zege lililotuliza trekta yangu

Tairi la nyuma la kulia liliinuka kama mguu wa mbwa kwenye nguzo. Halikwenda juu sana, labda shubiri moja, lakini mpwa wangu aliyekuwa kwenye usukani alipiga kelele, "Shangazi, inalala!" Mimi nilikuwa mlangoni pa zizi na uma wa samadi mkononi, na nilichoweza kusema ni kimoja tu: shusha kijiko. Akashusha. Tairi likarudi chini kwa kishindo, samadi mbichi ikamwagika hadi kwenye viatu vyangu, na kijana akashuka akaenda kukaa kwenye jiwe bila kusema neno kwa dakika kadhaa.

Trekta yenyewe ni mtumba wa Kijapani, nguvu farasi 24. Niliinunua kwa ajili ya shamba la viazi, na huku Njombe shamba maana yake ni mteremko. Kijiko cha mbele, cha kuzolea samadi, nilikiongeza baadaye, maana ng'ombe sita wa maziwa wanatoa mavi mengi kuliko migongo ya vibarua ninaoweza kuwalipa. Aliyenifungia kijiko alifunga bolti, akajaribu haidroliki, akala ugali, akaondoka. Kwamba kijiko mbele kinadai mzigo nyuma, hilo hakuligusa.

Tulianza kienyeji. Tulijaza mchanga kwenye viroba vinne tukavifunga kwa kamba juu ya mikono ya nyuma ya haidroliki, ile miwili inayobeba zana. Viwili vilidondoka siku hiyohiyo na kimoja tulikikanyaga wenyewe. Kisha tukaning'iniza plau. Hiyo ilisaidia kidogo, ila plau ina mkia mrefu wenye makali, na kugeuka nayo uani penye kuku na watoto ni kutafuta kesi.

Ndipo nikasikia habari ya maji kwenye tairi. Tulipiga jeki, tukazungusha gurudumu mpaka valvu ikawa juu kabisa, tukatoa kiini cha valvu, tukaunganisha mpira wa maji kwenye tanki lililoko juu ya kilima. Kila baada ya muda unautoa mpira ili hewa ipumue, na ikipumua inakurushia maji usoni, usikose kufumba mdomo. Maji yakifika usawa wa valvu unaacha, hapo tairi limejaa kama robo tatu, kilichobaki unajaza upepo. Tairi zangu zilimeza karibu lita 100 kila moja, yaani kilo 200 kwa pamoja. Wenzetu wa nchi za barafu huchanganya na kalsiamu kloridi ili maji yasigande, nayo hula rimu kwa kutu. Baridi ya Njombe inauma lakini haijafika huko, nikaweka maji matupu.

Kweli tairi la nyuma liliacha kuinuka. Nikajiona fundi.

Baada ya kama miezi miwili nikaona mstari mweusi kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, oili iliyoshikana na vumbi. Sili, ile raba inayozuia oili isitoke, imekwenda. Nikampeleka fundi wa kuchomelea, ambaye pia hutengeneza trekta, akatazama mbele, akatazama nyuma, akauliza, "Mama, huku nyuma umeweka nini?" Nikamjibu maji. Akaokota kijiti akachora chini.

Maneno yake nimeyahakiki baadaye kwa futi kamba na kikokotoo. Ekseli hadi ekseli ya trekta yangu ni sentimita 160. Kijiko kikibeba kilo 250, na katikati ya mzigo huo iko sentimita 120 mbele ya ekseli ya mbele, basi ekseli ya mbele ndiyo inakuwa egemeo la pembea: nyuma zinanyofolewa kilo 187, na mbele zinaongezeka kilo 437, si 250. Maji ya kwenye tairi yamekaa palepale kwenye ekseli ya nyuma. Yanaizuia isiinuke, lakini ile ya mbele hayaipunguzii hata kilo moja. "Umeifunga trekta miguu," akasema, "mgongo bado unauma." Mzigo unaotakiwa ni ule unaoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa sababu huo ndio unaonyanyua mbele.

Tukatengeneza pipa. Pipa la kawaida la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 58 hivi, na mikono ya trekta ndogo kama yangu inataka sentimita 68, kwa hiyo kila upande inabaki nafasi ya vidole vitatu. Tulipitisha chuma cha mviringo kizito, mbele kidogo ya katikati ya pipa, ncha zake zikachongwa kwenye kerezo hadi milimita 22 zikaingie kwenye mikono. Juu ya chuma hicho akachomelea bapa mbili zilizosimama, zikatobolewa tundu la milimita 19 kwa ajili ya mkono wa juu, ule wa tatu unaoshika zana kwa juu, sentimita 46 kutoka kwenye pini za chini. Nondo chakavu zikasukwa kama kapu kuzunguka vyote hivyo, maana zege peke yake linapasuka. Mbele ya pipa tukakata dirisha ili mkono wa juu upite.

Zege tulichanganya moja, mbili, nne: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko mmoja wa saruji haukutosha, tukaongeza makopo matatu. Sikuwa na mzani wa kupimia pipa zima, ila nina mizani ya kuning'iniza ya viazi, nikapima ndoo moja ya zege bichi: kilo 46. Zikaingia ndoo nane, hizo ni 368. Ongeza vyuma na pipa lenyewe, tuko kwenye 400. Fundi alikuwa ameniuliza kabla haidroliki yangu inanyanyua kiasi gani, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Ukijaza pipa mpaka juu unakaribia kilo 500, na kwa trekta ndogo si kila haidroliki italikubali.

Tuliliacha wiki tatu, tukilimwagilia kama mche. Siku ya kulifunga nilipima: katikati ya pipa iko sentimita 90 nyuma ya ekseli. Kilo 400 mara 90, gawa kwa 160, mbele panapungua kilo 225. Mpwa wangu hakuhitaji hesabu. Alikata kona moja akasema usukani umekuwa mwepesi.

Pipa lina adabu zake. Kijiko kikiwa kitupu na unapanda mlima, mbele panakuwa pepesi mno na trekta inakataa kukata kona, kwa hiyo kazi ya samadi ikiisha tunalivua. Kijiko kilichojaa bado kinabebwa chini, usawa wa goti. Kushuka mteremko na mzigo tunashuka kinyumenyume, gia ya magurudumu manne ikiwa imeingia, kwa sababu breki za trekta hii ziko nyuma tu. Na mkia umeongezeka: nguzo ya mlango wa zizi imeshagongwa mara mbili, mara ya pili ilikuwa mimi.

Sehemu ya juu iliyobaki wazi tuliifanya sanduku la mnyororo na spana. Masika yalipoingia nikakuta spana zinaogelea na chura ametulia juu ya mnyororo. Hatukuwa tumeacha tundu la kutolea maji. Fundi alikuja na drili akatoboa mawili ubavuni, pale zege linapoishia.