Dipoziti Mbili

Mwanzoni mwa 2017 tulikuwa Fort Worth, Texas, mwaka wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mume wangu alikuwa akipakua mizigo kwenye ghala, akiitwa siku wanapomhitaji. Mimi nilisafisha vyumba vya hoteli kwa dola 8 kwa saa, na baada ya Krismasi wakanipunguzia saa hadi 28 kwa wiki. Wiki nne za kazi zilinipa dola 896 kabla ya makato. Kodi ya nyumba peke yake ilikuwa 780. Bado umeme, bado bima ya gari, bado deni la ndege. Wengi hudhani sisi wakimbizi tulipandishwa ndege bure, lakini tiketi zile ni mkopo, na malipo yake huanza miezi sita baada ya kufika.

Shemeji yangu alikuwa ametangulia Waterloo, kule Iowa. Kila Jumapili alikuwa akipiga simu.

"Kaka, huku kwenye kiwanda cha nyama wanaanza na dola 14 kwa saa na zaidi. Kiingereza hawakuulizi sana. Vyumba viwili ni 600. Mnangoja nini?"

Tulikuwa tunangoja dipoziti, ile pesa ya dhamana unayomwachia mwenye nyumba. Kule Texas mwenye nyumba ana siku 30 za kukurudishia dipoziti yako, na siku hizo zinahesabiwa baada ya wewe kutoka. Huko unakokwenda nako wanaitaka dipoziti kabla hujakabidhiwa ufunguo. Kwa hiyo pesa yako ipo, ni yako kwa haki, na haikusaidii siku unayoihitaji. Kuna watu wanaouliza kwa nini familia yenye kipato kidogo inang'ang'ania mji unaowashinda. Swali hilo huwa linaniuma, kwa sababu nimekaa usiku mezani na mume wangu, tukiandika namba nyuma ya karatasi za shule za watoto, na kila mara zilikataa mahali hapo hapo.

Tumaini letu lilikuwa pesa ya takisi, yaani ile serikali inayokurudishia ukishajaza fomu za kodi ya mapato. Familia yenye watoto na mshahara mdogo hurudishiwa kiasi kizuri, na mwaka uliotangulia kilitufikia mapema. Mwaka huo ndio sheria mpya ilianza kazi: marejesho ya watu wa kipato kidogo, wanaopata ile nafuu ya wafanyakazi wenye watoto, hayaruhusiwi kutoka kabla ya 15 Februari. Mume wangu alikuwa amekwisha kwenda Waterloo kwa basi, akapimwa afya, akakubaliwa, akarudi kutuchukua. Kiwanda kilimpa Jumatatu ya tarehe 13 aanze. Siku mbili tu kabla, na hata hiyo 15 ni siku ya kuanza kuachia, si siku ya pesa kuingia benki.

Akina mama wa kanisa letu tulikuwa na upatu, watu kumi, dola 100 kila mwezi. Zamu ya Februari haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Uvira aliyekuwa ameipangia kununua gari, maana alikuwa akitembea kwa miguu gizani kurudi kutoka kazini. Sikumwomba. Nilieleza tu kwenye kikao kwamba tunahama na kwamba michango yangu iliyobaki nitaituma kutoka Iowa. Kikao kilipoisha akanifuata hadi kwenye gari.

"Mdogo wangu, chukua wewe mwezi huu. Gari litanisubiri."

Nikamwambia hapana, dada, wewe unatembea usiku. Akasema, "Nimetembea miaka yote. Wewe una watoto wa kuhamisha." Akanishika mkono mpaka nikakubali. Ninamwombea hadi leo.

Siku zilizobaki zilikwenda kwenye makaratasi. Bima ya afya ya watoto ni ya jimbo. Ukihamia jimbo jingine inakwisha, unaanza maombi upya. Mwanangu wa pili ana pumu, kwa hiyo nilihakikisha nimechukua dawa yake ya kuvuta kabla hatujaondoka, na kama uko karibu kuhama na mtoto mgonjwa, nakusihi lianze hilo kabla ya mengine yote. Fudi stempu, yaani msaada wa serikali wa chakula, nazo huwezi kupewa na majimbo mawili kwa mwezi mmoja, ila kilichobaki kwenye kadi ya Texas unaweza kukitumia dukani popote Marekani. Idara ya uhamiaji inataka anwani mpya ndani ya siku 10. Cheti cha chanjo kwa ajili ya shule. Basi.

Tuliondoka Ijumaa usiku. Magodoro na meza tuliwaachia majirani, tukapakia nguo, masufuria na mashuka kwenye gari letu dogo, watoto katikati. Barabara ya I-35 inapanda kaskazini moja kwa moja: Oklahoma City, Wichita, Kansas City, Des Moines. Ni zaidi ya maili 800 hadi Waterloo. Sikulala, kwa sababu mume wangu alikuwa anasinzia na ilibidi nimsemeshe. Tuliimba nyimbo za kwaya, tulipomaliza za Kiswahili tukaingia za Kibembe.

Nyumba aliyotutafutia shemeji ilikuwa ya mzee wa Kibosnia. Wabosnia walifika Waterloo kwa wingi miaka ya 1990 wakikimbia vita vyao, na wengi waliingia kwenye kazi hiyo hiyo ya nyama. Mzee alikuja Jumamosi jioni na ufunguo. Kiingereza chake kilikuwa kizito kama chetu, tukaelewana vizuri. Pesa ya upatu, baada ya mafuta ya gari, ilikuwa dola 900. Yeye alitaka 1,200: kodi ya mwezi 600, dipoziti 600. Tukamweleza kwamba dipoziti yetu ingali Texas.

Akauliza kazi ni ya wapi. Mume wangu akamtajia kiwanda. Mzee akanyamaza, kisha akanyoosha mikono yake yote miwili juu ya meza ya jikoni. Yaani alijaribu kuinyoosha. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimekunjwa kuelekea kiganjani, kama vinashika mpini wa kisu. Akasema ni miaka ya kukata. Akamwambia mume wangu awe ananoa kisu mara kwa mara, kwa sababu kisu butu ndicho kinachomaliza mkono, na vidole vikianza kufa ganzi usiku aseme kwa nesi wa kiwanda siku hiyo hiyo, asivumilie.

Nilikuwa nimefurahia dola 14 kwa wiki nyingi. Dakika hiyo niliiangalia mikono ya mume wangu na nikaogopa kwa kweli. Usiku ule nilimwambia tukilipa madeni atafute kazi nyingine. Akasema, "Mama watoto, tuanze kwanza."

Mzee alipokea 900, akaandika risiti, na chini yake akaandika kwamba 300 zitakuja baadaye. Hakuweka tarehe.

Pesa ya takisi iliingia mwishoni mwa mwezi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtumia yule dada wa upatu dola 400, michango yangu iliyobaki yote kwa mkupuo, apeleke kwenye gari lake, na wenzake wa upatu wakakubali azipokee yeye. Cheki ya dipoziti kutoka Texas ilikuja Machi. Walikuwa wamekata za kusafisha zulia na kupaka rangi ukuta mmoja, zikabaki dola 340. Tuliitoa benki siku hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo ni mimi niliyempelekea mzee 300 zake. Akaniandikia risiti ya pili, na zile 40 tukamnunulia baba watoto glavu na soksi nzito za kazini.