Basi sijafungwa

Mjomba kanichoma, na mwenyewe hana habari. Nilimtumia bao langu la kompyuta, lile la mradi wa mwaka wa mwisho ninalolililia humu tangu Septemba, acheze kwenye simu ya Somoe. Kanuni zote zimo: mashimo 32, kete 64, nyumba (lile shimo kuu la kila mchezaji) yenye kete 6, na 22 za kunamua, yaani za kuingiza moja moja, mkononi mwa kila mchezaji. Hata mlio wa komwe zikidondoka shimoni niliurekodi mwenyewe likizo ile, nimejifunika shuka ili jogoo wa jirani asiingie. Akacheza, akafungwa, akanipigia.

“Nimefungwa na nani hapa?”

“Na kompyuta, mjomba.”

“Haina jina?”

“Haina.”

“Basi sijafungwa.”

Akaenda zake kuswali.

Wiki hii nimeitwa usaili na studio moja ya Guildford, Uingereza, na hapa Dundee, Uskoti, imeanguka theluji, lakini mimi nimeshinda na “basi sijafungwa”. Nafua, inanijia. Nasaka hitilafu kwenye programu, inanijia. Mwanzo nilikuwa namjibu kimoyomoyo: mashine inakokotoa mtaji, yaani zamu ya kula kete, unaozunguka bao zima kabla wewe hujashika kete, sasa huko si kufungwa? Halafu nikakumbuka kwetu barazani. Ukifungwa, unapewa vipande vyako mpaka magharibi, na watoto wanakungojea njiani. Mashine yangu inamfunga mtu mzima kisha inanyamaza kama karani wa benki.

Jana nikipita Perth Road nikawakuta wale Lemmings wa shaba, sanamu za vijitu vya mchezo wa kompyuta. Mchezo wao ulitengenezwa mji huu huu na studio ya DMA Design, ukatoka 1991. Vijitu vya nukta chache tu, lakini kabla havijalipuka vinalia “Oh no!” kwa sauti ya kitoto, na roho inakuuma. Nikasimama nacheka peke yangu na baridi yote ile.

Usiku nikafukua voisi za zamani za mjomba. Mnazijua: salamu ndefu, na nyuma bao linaendelea. Kwenye moja anamwambia mtu, “Kete hizo utazipeleka wapi? Katie mchuzi!” kisha kile kicheko chake. Nimeikata, nikaipachika pale kompyuta inapokula nyumba yako.

Nikacheza. Nyumba ikaliwa, kicheko kikatoka, nikakirusha kipanya kitandani. Wallahi nilikasirika! Mskoti wa chumba cha pili, asiyejua hata “jambo”, naye akajaribu, akaliwa. “Nani huyo?” akauliza, uso mwekundu, na hakuondoka mpaka saa saba.

Mjomba nitamtumia, ila si yenye sauti yake. Yake nitaweka ya yule hasimu wake wa duka la mkabala, nikiipata.

Mama bado hajaenda kung'oa jino. Somoe anasema uvimbe wa shavu umepungua; mama anasema halikuwahi kuvimba. Sasa nimwamini nani?